Njia ya Kutokea Maji

Mtu akitangaza kwamba anataka kuchimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake hapa Mazwi, katika mji wetu wa Ufipa, majirani humuuliza maji atayatoa wapi. Wana haki ya kuuliza, maana mvua za Ufipa zikikatika Aprili ama Mei hazionekani tena mpaka karibu na Novemba. Fundi anayeijua kazi huuliza jingine: maji hayo atayapeleka wapi? Nimekaa na mafundi wa mabwawa mjini hapa na katika vijiji vinavyotuzunguka, na sijamwona anayestahili jina la fundi akiinua sururu kabla ya kupata jibu la swali hilo la pili. Nawaandikia sifa kwa sababu kazi yao ikikamilika haijitangazi. Nyumba ikiezekwa, wapita njia husimama wakaitazama. Bwawa likijaa, kinachoonekana ni maji, na maji kila mtu hudhani yamekuwapo siku zote.

Mwalimu mmoja mstaafu alimwita fundi wa aina hiyo, mzee mfupi aliyevaa koti zito kwa ajili ya baridi ya Juni, aje aone mahali pa kuchimba. Mwalimu alikuwa amekwisha kuchora shimo lake kwa majivu, mstatili safi kabisa. Mzee hakuutazama. Alizunguka uani polepole, akapita nyuma ya banda la kuku, akashuka mpaka kona ya chini ya kiwanja, akasimama pale akiwa ametupa mgongo.

"Mwalimu, mvua ikinyesha usiku kucha, maji ya hapa hulala wapi?"

Mwalimu akaonyesha ukuta wa jirani.

"Basi na bwawa lako litalala kwa jirani."

Mstatili wa majivu ukafutwa kwa mguu. Bwawa likasogezwa juu, likageuzwa ubavu, likapunguzwa upana, na mtaro ukapangiwa njia kando ya mpaka, upite kwenye kitalu cha mboga, utokee mfereji wa barabara. Asubuhi nzima ikaishia hapo, bila hata toroli moja la udongo kuondolewa. Mzee akadai malipo ya siku, akalipwa. Wapo wanaoona ni uonevu kumlipa mtu kwa kutembea uani. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyostahili fedha kuliko nyingine zote, kwa kuwa shimo lililochimbwa mahali pabaya halihamishwi. Hufukiwa, na kulifukia kuna jasho lilelile la kulichimba.

Katika kutembea huko fundi hukagua mengi ambayo mwenye nyumba hayafikirii. Choo cha shimo kiko upande gani wa mteremko? Mikaratusi ya jirani iko umbali gani, maana mizizi yake hufuata maji na kutoboa tuta? Watoto wadogo wapo, na uzio utakaa wapi? Kama kiwanja kinapakana na mkondo wa maji, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayotaka kibali kabla ya kuchepusha mkondo. Watu hupenda kuliruka hili wakisema bwawa lao ni dogo. Mkondo mmoja ukiwa na mabwawa madogo ishirini, aliye chini hapati kitu.

Kisha jua. Hapa Ufipa jua si jambo la kupambia. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai wanaolijua blanketi zito ni sisi. Perege na sato, samaki ambao karibu kila mwenye bwawa nchini huanza nao, hustawi maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kwa uvivu na kukua kwa uvivu. Yakiendelea kushuka kuelekea 15 huacha kula, na pumba unayomwaga inaozea chini. Kwa hiyo fundi wa Mazwi hufanya hesabu ambayo mwenzake wa Morogoro hana haja nayo: kivuli cha nyumba kinafika wapi saa tatu asubuhi, na upepo wa kipupwe unapigia upande gani. Bwawa lenye kina cha goti hupata joto mchana na kulipoteza lote usiku. Lenye mita moja upande mmoja na mita moja na nusu upande wa pili hupoa taratibu, na samaki huwa na pa kujificha. Mteja akitaka bwawa pana na la kina kifupi ili aokoe gharama za kuchimba, fundi mzuri humkatalia, na hapo ndipo unapomtambua.

Kifaa kinachonivutia kuliko vyote katika kazi hii ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wanaoutumia waashi kusawazisha misingi. Mzee hushika ncha moja, kijana wake ncha nyingine, na kati yao mita kadhaa za mpira zinaburuta kwenye nyasi zikiwa zimejaa maji. Kwanza hutoa hewa. Povu moja dogo likibaki tumboni mwa mpira, vipimo vyote huwa uongo, kwa hiyo huunyoosha, huuinua juu, huupigapiga kwa kucha mpaka povu litembee na kutoka. Kisha kila mmoja huisimamisha ncha yake kwenye kigingi. Maji hupanda upande huu, hushuka upande ule, hucheza kidogo, halafu hutulia.

"Babu, yametulia."

"Usiguse. Ngoja."

Anangoja, maji yanashuka tena unene wa ukucha, yanatulia kwelikweli. Ndipo kila mmoja anakata alama kwa panga kwenye kigingi chake. Kabla ya kuhamia kigingi kinachofuata, kijana lazima azibe mdomo wa mpira kwa kidole gumba, la sivyo maji yatamwagika njiani na kazi ianze upya. "Kidole! Kidole!" ndilo neno nililolisikia mara nyingi kuliko jingine lolote siku ile. Vigingi vikishakamilika pande zote, kamba hufungwa kwenye alama, na mwenye nyumba husimama akishangaa: uani kwake, alikodhani miaka yote ni tambarare, kamba inapita kifundoni upande mmoja na pajani upande mwingine.

Maana ya usumbufu wote huo ni kwamba ukingo wa bwawa una urefu mmoja tu wenye maana, nao ni ule wa mahali palipo chini kuliko pengine pote. Hapo ndipo maji yatakapotokea, utake usitake. Ukipandisha tuta kwa kutegemea macho, utalinyanyua mahali ambapo halikuhitaji na kuacha mlango mahali usipopajua, na mvua ya Januari itakuja kukuonyesha. Macho ya binadamu hudanganywa na mteremko, na hata fundi wa miaka mingi hayaamini yake.

Udongo nao hauhukumiwi kwa macho. Fundi huchimba kishimo chenye kina cha kiuno, huchukua gao la udongo wa chini, huutia maji kidogo, huufinyanga uwe tonge, hulirusha juu na kulidaka. Likisambaratika kiganjani, mchanga ni mwingi. Likibaki zima, kuna matumaini. Baada ya hapo kishimo hujazwa maji mpaka juu asubuhi. Jioni, udongo mkavu ukiwa umekwisha kunywa sehemu yake, hujazwa tena na kufunikwa majani mengi ili jua lisije likasingiziwa. Kesho yake asubuhi majani huondolewa mbele ya mwenye nyumba, na hilo la kuwa mbele yake ni la lazima, kwa sababu fundi hataki ubishi baadaye. Maji mengi yakiwa bado yapo, bwawa litashika. Kishimo kikiwa kikavu, ama udongo wa mfinyanzi uletwe kutoka kwingine, ama mradi uachwe.

Udongo huo wa kuletwa, kwa huku kwetu, mara nyingi hutafutwa kwenye kichuguu. Mchwa hupandisha chembe laini kutoka chini na kuzigandisha kwa mate yao, kazi ambayo mtu angeifanya kwa chekeche asingeimaliza. Mafundi wa Ufipa wamelijua hilo kabla ya mtu yeyote kuwaza kufuga samaki. Matanuru ya kuyeyushia chuma ya Wafipa, malungu, yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, marefu kama mita tatu, na hayakuhitaji mivukuto: hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka kitako, moto ukaendelea kula mkaa na mawe ya chuma. Kilichopatikana kilisafishwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo hilo ndilo lililovukutwa. Mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda ameandika kwa kina juu ya ufuaji chuma huu wa kusini-magharibi mwa nchi. Majembe ya dukani ndiyo yaliyouua katika karne ya 20, ila mabaki ya malungu bado yapo mashambani, na kuta zilizozuia moto miaka ile hazijageuka vumbi. Nikimwona mzee akivunja donge la kichuguu, akalinusa, akalisugua kati ya vidole na kuonja kidogo kwa ncha ya ulimi, naona ujuzi uleule umebadili kazi. Waliujenga udongo huu kuzuia moto usitoke, naye anautandika kuzuia maji yasitoke.

Kuna mahali, lakini, ambapo ujuzi wa zamani humponza mtu. Mkulima wa Kifipa amezoea kilimo cha ntumba, vile vilima vya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Ni kilimo cha akili sana katika uwanda usio na miti mingi ya kuchoma majivu. Sasa mkulima huyohuyo akipewa kazi ya kupandisha tuta la bwawa, mkono wake hufukia nyasi bila kumwuliza. Zitaoza, kama zinavyooza kwenye ntumba, na mahali zilipokuwa patabaki mirija midogo, na maji yatapita humo. Kwa hiyo kazi ya kwanza mahali pa tuta ni kufyeka, kung'oa mizizi na kukwangua udongo wote mweusi mpaka ule wa chini uonekane. Udongo mweusi hurundikwa kando kwa ajili ya bustani. Kisha huchimbwa mtaro mwembamba katikati ya mstari wa tuta, ukashuka hadi penye udongo mgumu, ukajazwa mfinyanzi na kushindiliwa. Tuta lisilo na mzizi huo huvujia chini, na tuta linalovujia chini halitibiki.

Kushindilia ndiko kunakowachosha watu na ndiko wanakodanganya. Udongo hupandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi shubiri, ukanyunyiziwa maji kidogo, ukapigwa kwa gogo lenye mpini mpaka gogo liruke badala ya kuzama. Kijana anayelipwa kwa kazi nzima, si kwa siku, atamwaga udongo wa kufika kiunoni mara moja na kuupiga juu. Kwa nje linapendeza. Ndani ni vumbi. Mzee wetu alikuwa na fimbo ya chuma, kipande cha nondo, na kila jioni alichomeka hapa na pale bila kusema kitu. Nondo ilipozama kirahisi, tabaka la siku hiyo lilifumuliwa. Kuta za ndani hakuzisimamisha wima. Aliziacha zilale, mita mbili za kwenda kwa kila mita moja ya kushuka, kwa sababu ukuta wima wa udongo ukilowa huporomoka. Sakafu nayo aliipa mwinamo kuelekea kona moja tu, kule kwenye bomba.

Bomba ndilo moyo wa habari hii. Ni bomba la plastiki la inchi tatu au nne, linalolazwa kabla tuta halijapandishwa, chini kabisa, likiinama kidogo kuelekea nje. Kuzunguka bomba mfinyanzi hukandwa kwa mikono, si kwa gogo, kwa kuwa maji hupenda kutambaa kando ya kitu laini. Upande wa ndani huwekwa kiungo cha kona, na juu ya kona hiyo husimamishwa kipande kingine cha bomba. Urefu wa kipande hicho ndio urefu wa maji ya bwawa: yakizidi yanaingia mdomoni na kutoka yenyewe, usiku wa manane, mwenye nyumba akikoroma. Ukitaka kupunguza maji, unakilaza kidogo. Ukitaka kulikausha bwawa, unakilaza mpaka chini. Kona yenyewe haitiwi gundi, hupakwa grisi ili izunguke. Mdomo hufungwa wavu ili samaki wasisafiri na maji, na kati ya usawa wa maji na juu ya tuta huachwa walau sentimita 30 kwa ajili ya mvua zisizo na adabu. Ni vipande vitatu vya plastiki na mkebe wa grisi. Nimeona mabwawa yaliyogharimu fedha nyingi yakiwa hayana hivyo, na siku ya kuvuna familia nzima inapanga mstari na ndoo.

Watu wa Ufipa tusingehitaji kufundishwa jambo hili, maana tumeketi juu, kati ya maziwa mawili yenye tabia tofauti, yote yakiwa karibu mita elfu moja chini yetu. Mashariki, chini ya magenge ya Lyamba lya Mfipa, kuna Ziwa Rukwa, lisilo na njia ya kutokea. Mito huingia, na kinachotoka hutoka kwa jua tu. Ndiyo sababu maji yake yana magadi, na ndiyo sababu halina ukubwa wa kudumu: mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilomita 50, na miaka kumi baadaye lilikuwa limepita kilomita 120. Magharibi kuna Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, nalo lina mlango mmoja mwembamba, mto Lukuga, unaoelekea Kongo. Msafiri Cameron aliufikia mwaka 1874. Mwenzake Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta umezibwa na tope na matete, ziwa likizidi kupanda nyuma yake. Haukupita muda kizibo kikasukumwa, na mwaka 1879 mmisionari Edward Hore akaukuta Lukuga ukikimbia kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi na kuuacha ufuko wa Ujiji mbali. Miaka hii ya karibuni limepanda tena na kuingia katika nyumba na bandari za mwambao, mvua zikileta maji kwa kasi kuliko Lukuga unavyoyatoa. Kwa jicho la fundi wetu, Rukwa ni bwawa lililosahauliwa bomba, na Tanganyika ni bwawa lenye bomba dogo kuliko eneo lake. Kile kipande cha kusimama ni Lukuga unaoweza kuugeuza kwa mkono.

Upareni walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Ndiva zao, mabwawa madogo ya udongo yanayokusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mashamba mchana kwa zamu, ni njia ya kutokea iliyojengewa ukingo. Maji yakibaki ndani hayana faida kwa mtu. Ubishi wote wa Wapare juu ya ndiva, na wanabishana kweli, ni juu ya nani anafungua na lini.

Wapo watakaosema haya ya kufinyanga na kushindilia yamepitwa na wakati, tandika turubai la plastiki umalize. Sipingi moja kwa moja. Katika kiwanja cha kichanga na chembamba, turubai ni jibu, mradi mawe na mizizi viondolewe chini yake na mbwa wazuiwe. Saruji nayo ina wateja wake, wale wanaopenda pembe zilizonyooka. Hao wakumbushwe kwamba saruji mpya huyaharibu maji kwa chokaa yake, hivyo bwawa lijazwe na kumwagwa zaidi ya mara moja kabla samaki hawajaingia. Vyote viwili, turubai na saruji, huhitaji bomba lilelile.

Maji yakishaingia, huachwa kwanza. Ya bomba la mji hukaa siku kadhaa juani ili dawa ipungue. Samadi kidogo hutiwa, na taratibu maji hugeuka kijani, kijani cha uhai ambacho samaki wadogo hukila. Kipimo chake hakina gharama: unazamisha mkono mpaka kiwiko huku vidole vimenyooka. Vidole vikionekana wazi, bwawa lina njaa. Vikipotea kabla kiwiko hakijafika majini, umezidisha, na alfajiri samaki watakuja juu kuhema. Vifaranga huletwa katika mifuko iliyojazwa hewa, mara nyingi kutoka sehemu zenye joto kuliko kwetu, na mfuko huelea juu ya maji kwa muda kabla ya kufunguliwa ili joto la ndani lishuke polepole. Mwenye haraka humwaga moja kwa moja, na asubuhi huokota. Samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba wanatosha bwawa lisilo na mashine ya hewa. Chakula hakitusumbui: mkoa wa mahindi na alizeti haukosi pumba wala mashudu. Mbu je? Samaki hula viluwiluwi vyao, ila nyasi za ukingoni lazima zifyekwe. Mdiria na kambale mwitu ni habari nyingine ndefu.

Hesabu isipambwe. Bwawa la mita za mraba 60, kwa samaki wawili kila mita, ni samaki 120. Wote wakipona, jambo ambalo halitokei, na kila mmoja akifika robo kilo, ni kilo 30, na kwa baridi yetu watachukua miezi mingi zaidi ya wenzao wa Pwani. Halitashindana na migebuka ya Ziwa Tanganyika, kule Kasanga na Kirando. Lakini Tanzania iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano na nchi jirani, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, waliokuwa na bwawa uani hawakuona haja ya kuuliza bei sokoni.

Ufugaji huu si mgeni nchini. Majaribio ya perege yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949, na kufikia 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Mengi hayakuzaa kitu. Sababu zilizoandikwa ni usimamizi mbovu, ufundi usiofaa na ukame, na mengine yalikuwa na mita za mraba 20 tu. Nasoma maneno "ufundi usiofaa" nikimwona mtu amepewa jembe na amri, hakupewa mpira wa kusawazishia wala nafasi ya kutembea uani asubuhi nzima. Shimo lilihesabiwa siku lilipojaa maji. Hakuna aliyerudi kuhesabu siku lilipotakiwa kumwagwa.

Hapa Ufipa kalenda ya kazi hii inajulikana. Juni hadi Agosti udongo wa chini umekauka na unachimbika, vijana wametoka mashambani, na tuta lishindiliwe lote kabla Agosti haijaisha. Vifaranga waingie Septemba au Oktoba, joto likipanda, wapate miezi yote ya mvua kula na kunenepa kabla kipupwe hakijawafungisha vinywa. Mei bomba hulazwa kidogo kidogo kwa siku mbili, maji yanashuka, samaki wanakusanyika kwenye kona ya chini ambako sakafu iliinamishwa kwa makusudi, na wanavunwa kwa wavu na kapu bila mtu kulowa zaidi ya magoti. Maji yanayotoka ni ya kijani na mazito, nayo hupitishwa kwenye matuta ya mboga. Sakafu huachwa juani mpaka ianze kupasuka, hunyunyiziwa chokaa, na tope la chini, lenye samadi na mabaki ya chakula ya msimu mzima, huzolewa kwa chepe na kupelekwa bustanini. Mke wa mwalimu, ambaye bustani ni yake, amefanya hesabu zake kwenye daftari, na anasema kwamba kabichi za tope zimemwingizia fedha nyingi kuliko samaki wa mumewe. Mwalimu anabisha. Daftari sijaonyeshwa.